Sukari Mlangoni

Rafiki yangu mwenye saluni alikuwa na tabia ya kuniangalia mikono kabla ya uso. Nikiingia, awe anamsuka mteja au anakunywa chai, macho yake yalishuka kwanza yakakagua nimebeba nini, ndipo yakapanda kunisalimu. Sikuchukia. Mwanawe wa kwanza, aliyembakiza kwa bibi yake kule Kivu alipokimbia vita, alikuwa amepotea, na hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa. Nami kazi yangu ni kutafsiri habari za vita ya kwetu kwa Kiholanzi, kwa ajili ya tovuti moja ya Ulaya. Basi yeye aliamini, na sikuweza kumtoa kwenye imani hiyo, kwamba siku habari ya mwanawe itakapofika duniani, itapitia kwangu kwanza.

Kwa nini mikono? Kwetu habari ya kifo haipigiwi simu. Ukimwambia mtu kwa simu kwamba mama yake amefariki, hata kama ni kweli, umemkosea na utakumbukwa hivyo. Kifo hubikwa, yaani hutangazwa, ana kwa ana, asubuhi kabla mtu hajaenda kazini, na wanaokuja wawe wawili au zaidi, mmoja wao mtu wa kanisani. Hapa Durban tumeongeza jambo moja: kwanza mnamwondolea simu yake. Mnasalimia, mnakaa, mmoja anasema, "Nisaidie simu yako nipige mahali, yangu haina chaji," anaichukua na kuitia mfukoni, maana siku hizi picha ya marehemu hutembea kwenye makundi ya simu na kufika kabla ya neno la faraja. Kisha mnaweka sukari mezani. Pakiti kubwa, pamoja na mkate na majani ya chai, kwa sababu nyumba hiyo itajaa watu mpaka kwenye ngazi na mwenyewe hatakuwa na nguvu ya kwenda dukani. Mtu akishaiona sukari ameshaelewa, na mchungaji anamalizia tu.

Mimi nikawa mtu wa sukari bila kuomba. Watu wa kanisani kwetu walikwishachoka na habari za simu. Leo unaletewa picha ya nyumba zinazowaka, unalia usiku kucha, kesho unaambiwa picha ni ya nchi nyingine na ya zamani. Basi zikija fununu kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa, mchungaji alinitafuta mimi aniulize, "Mama, hii ni kweli?" Alijua kwamba kutwa nzima nashinda nikichambua ya kweli na ya kupikwa. Nikisema ni kweli, lililofuata lilikuwa moja: "Basi tufuatane." Nani angekataa? Tulifuatana, na sukari nilibeba mimi, kwa kuwa mchungaji alibeba Biblia.

Kiholanzi nilikipata Ubelgiji, upande wa kaskazini, nilikosomea uuguzi ujanani na kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Vitabu vilinifundisha salamu, ila wale wazee ndio walionifundisha lugha yenyewe, pamoja na matusi. Ndoa ikanileta Durban. Mume wangu ni mtu wa ghala kule Clairwood, anashinda na malori, na sisi tunapanga nyumba ndogo ya uani huko Queensburgh, mahali pa utulivu, palipojaa mbwa na kuta. Kazi yangu naifanya mezani jikoni. Nikimaliza kutafsiri naisoma kwa sauti, kwa sababu sikio hukamata uongo ambao jicho limeupitisha. Ng'ambo ya ukuta anaishi mzee mmoja Mzungu ambaye lugha yake ni Kiafrikaana, nacho na Kiholanzi ni ndugu, kwa hiyo alikuwa akinielewa nusu. Nusu yenyewe ilikuwa "walichoma", "walikuja na mapanga", "hakubaki mtu". Siku moja alimsimamisha mume wangu getini akamuuliza, kwa adabu sana, kama mke wake ni mzima. Tangu hapo mzee ndiye hutangulia kunisalimu, na hunisalimu kutoka mbali.

Nilikuwa nashuku kila kitu, na sioni haya kusema hivyo. Kazi ile inamtaka mtu wa namna hiyo. Niliishuku "duru ya kuaminika", kwa maana aliye wa kuaminika kwa nini afichwe? Nilishuku picha ambayo vivuli vyake vinaelekea huku na huku. Niliposoma kwamba "hali ya utulivu imerejea", nilijiuliza aliyeandika alikuwa amesimama wapi alipouona huo utulivu. Hata mhariri wangu nilimshuku, mwanamke wa huko Ulaya ambaye sijawahi kumwona ila kwenye skrini, na nyuma yake rafu ya vitabu isiyobadilika. Alikuwa mwema, aliniuliza hali ya watoto. Lakini nilipomweleza kwamba mashahidi wetu hawamtaji aliyewashambulia, husema "bale bantu" tu, yaani wale watu, alikunja uso.

"Wasomaji watauliza ni akina nani," alisema.

"Na shahidi bado analala palepale," nikamjibu. "Akiwataja leo, kesho watamrudia."

Aliandika kitu. Tangu siku ile, kila nilipoleta "wale watu" alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kana kwamba najua na namficha. Sikumlaumu. Mshuku na mshukiwa wanajuana.

Nyumbani Durban mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu watu walikwishanijua. Niliingia kwenye duka la nguo, mazungumzo yakakatika. Niliomba simu ya mwenzangu nipige, yangu ikiwa kweli haina chaji, akaishika kifuani kwa mikono miwili akaniuliza, "Niambie tu, ni nani?" Mtu akiniona nashuka kwenye taxi mjini, anahesabu ndugu zake.

Kulikuwa na mume na mke wenye kibanda cha kutengeneza simu, vijana wa kwetu wanaoishi kwenye jengo moja na rafiki yangu wa saluni, jengo lile refu karibu na ufukwe ambalo lifti yake hufanya kazi ikipenda. Rafiki yangu yuko ghorofa ya juu, wao chini yake. Mke alipojifungua, mimi kwa furaha zangu nilipitia dukani nikamnunulia mzazi vitu vya uji: unga, maziwa ya unga na sukari. Nikapanda ngazi nikihema. Alifungua mlango mwenyewe, mtoto begani, akaniona mimi, akaiona pakiti ya sukari, akapiga yowe ambalo nafikiri lilisikika mpaka bandarini. "Mama yangu! Mama yangu ee!" Milango yote ikafunguka. Kabla sijapata kusema neno, majirani walikwishamkalisha chini, mmoja alikuwa anavua kilemba, na watu wa ghorofa nyingine walikuwa wanateremsha viti. Mimi nimesimama na unga wangu, napiga kelele, "Hakuna aliyekufa! Ni ya uji! Ni ya uji!" Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu mbebaji wa sukari husema hivyo hivyo mwanzoni, ili mtu akae kwanza.

Ilibidi mume wake aje kutoka kibandani, apige simu Kivu, mama mkwe wake aitike mwenyewe na kuuliza mbona mnalia. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka pia, lakini niliporudi nyumbani niliona aibu iliyochanganyika na hasira. Nilikuwa nimekwenda kusherehekea mtoto na nikapokewa kama bundi.

Yule kijana wa simu ni mtu wa kuheshimika, na nitasema kwa nini, maana bila hilo hamtanielewa mbele. Rafiki yangu wa saluni alikuwa na ujumbe mmoja wa sauti wa mwanawe, wa mwisho kupata. Alikuwa amemtumia viatu kwa mkono wa msafiri, akinunua kwa kipimo cha mguu aliokuwa akiukumbuka, na mtoto akajibu: "Bon, sikia, mama. Bilatu bilifika. Biko bidogo, lakini nitabivaa tu." Kisha kicheko kifupi cha puani. Ni hayo tu. Saluni nzima ilikuwa inaujua ujumbe ule. Mteja akikaa, akiulizwa atakalo, kabla nywele hazijafumuliwa alikuwa amesikilizishwa "Bon, sikia." Siku simu yake ilipoanguka kwenye ndoo ya maji ya kuoshea nywele, alikimbilia kibandani kwa yule kijana. Kijana aliifungua, akaikausha, akahangaika nayo kutwa mpaka akautoa ujumbe ule na kuuhamishia kwenye simu nyingine. Aliusikiliza mara nyingi ili ahakikishe haukukatika. Hakutaka malipo. Alisema, "Yaya," yaani dada mkubwa kwetu, "huyu ni mtoto yetu sote."

Halafu fununu ikaja juu ya kijiji cha kijana huyo. Mchungaji aliniuliza. Nilichambua kwa siku nzima, nikitumaini ni ya kupikwa, na haikuwa ya kupikwa. Wale watu waliingia asubuhi, wenye miguu wakakimbia. Mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa wa magoti. Alibaki ndani, na nyumba ikachomwa.

Safari hii sukari ilikuwa ya kweli. Mke ndiye aliyefungua, akatazama pakiti, akatazama uso wangu, akasema kwa sauti ndogo, "Ya uji?" Mumewe alitoka chumbani, akatoa simu yake mfukoni mwenyewe na kunikabidhi kabla hatujaiomba. Kilio kilikaa siku kadhaa. Rafiki yangu wa saluni alifunga kazi na kushuka kila siku. Ndiye aliyechemsha chai, ndiye aliyeosha vikombe vya wageni wote, akivisugua kwa kucha zake ndefu. Alikuwa akinikwepa macho, na mimi nilijua anachowaza: leo wao, kesho mimi.

Watu walipokwisha kutawanyika, mhariri alinitumia kazi. Ilikuwa video fupi, iliyopigwa na wapiganaji wenyewe, ikavuja. Mtu amesimama mbele ya ukuta wa udongo, amefunga kitambaa usoni, amevaa buti za mpira. Nilibonyeza.

"Bon, sikia," alisema yule mtu.

Nilisimamisha. Nikainuka nikafunga mlango wa jikoni, ingawa nyumbani nilikuwa peke yangu. Nikajiambia, watu wangapi Kivu huanza hivyo? Wengi. Sauti ilikuwa nzito kuliko ile ya viatu, ila hata watoto huota ndevu. Nikaendelea. Alisema waliingia asubuhi, akakitaja kijiji cha yule kijana wa simu, akasema walipasafisha, na waliobaki ndani walijitakia. Akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani. Na alipoinua mkono wa kushoto kuonyesha mlima, niliona kidole cha mwisho kimekatika. Mama yake aliwahi kuniambia, akiwa ananisuka, jinsi mashine ya kusaga muhogo ilivyomla mwanawe kidole akiwa mdogo, na jinsi alivyombeba mgongoni mpaka zahanati.

Nilikaa nikiitazama ile meza. Nilikuwa nimemzoea kama mtoto wa kilio, yule wa kuhurumiwa. Sasa alikuwa hai, na moyo wangu haukujua ufurahi au la. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kiasi kwamba nilitaka kumzaba kofi kupitia ile skrini.

Nikatafsiri. "Tulipasafisha" nilianza kuliandika kwa neno laini, neno la kazi za nyumbani, kisha nikaushuku mkono wangu, nikafuta, nikaandika namna ambayo Mholanzi angeelewa kwamba watu waliuawa. Nilisoma kwa sauti. Ng'ambo ya ukuta dirisha la mzee likafungwa.

Nikampigia mhariri. Nikamwomba watumie maandishi tu, wasiweke sauti.

"Kwa nini?" aliuliza. "Sauti ndiyo inayoonyesha kwamba hatukubuni. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Sauti inaweza kumtambulisha mtu."

"Amefunga uso mwenyewe, na amejirekodi mwenyewe akijisifu." Akasogea karibu na skrini. "Wewe unamtambua?"

Ningesema ndiyo, jina lingefuata, na jina lingefika Durban kabla ya jioni. Ningesema hapana, ningekuwa nimedanganya. "Siwezi kuthibitisha," nilisema, na kwa kanuni zetu ilikuwa kweli, maana uso sikuuona na sauti peke yake si ushahidi. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilijua haniamini, na yeye alijua kwamba najua.

"Itatoka kesho asubuhi," alisema. "Na sauti."

Kesho asubuhi. Makundi ya simu ya watu wetu hayasomi Kiholanzi, lakini "Bon, sikia" haihitaji mkalimani. Kila mwanamke aliyewahi kusukwa kwenye saluni ile angeijua. Na kuna mwanamume mmoja aliyeisikiliza zaidi ya wote, akiwa na bisibisi mkononi, akihakikisha haijakatika.

Nilikwenda mchana huo huo. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo rafiki yangu huwa hafungui. Kwenye taxi nilikuwa nawaza mikono yangu. Kwetu kumtembelea mtu bila kitu ni ukosefu wa adabu, mkono mtupu haulambwi, na huyu ni mkubwa wangu, yaya wangu, aliyenipokea nilipofika mji huu sijui hata robot, yaani taa za barabarani, ni kitu gani. Sijawahi kwenda kwake bila hata embe. Nilipita mbele ya duka, nikasimama, nikaendelea. Hata ndizi ningeogopa kubeba, maana ingekuwa ndani ya mfuko, na mfuko angeuona kwanza.

Lifti haikupenda. Kwenye ngazi, nilipofika ghorofa ya watu wa simu, mwanamke mmoja alichungulia nyuma ya geti lake la chuma. "Unaenda kwa nani leo?" Nikamwonyesha viganja viwili. Hakuridhika. Nikasikia anafunga komeo, kisha anafungua tena aone nitasimama wapi. Mlango wa watu wa simu niliupita kwa haraka, nikisikia mtoto analia ndani.

Rafiki yangu alifungua. Macho yakashuka. Mikono mitupu. Nilimwona akiitazama, kisha akitazama nyuma yangu kama kuna mchungaji, na nyuma yangu hakukuwa na mtu. Uso wake ukaanza kufunguka polepole. Katika miaka yote ile sijawahi kuingia kwake bila chochote, na alielewa kwamba nimefanya hivyo kusudi.

"Iko?" aliuliza, yaani yu hai.

"Iko, yaya."

Alishika kizingiti. Akacheka, akalia, akainua mikono juu, akapiga kigelegele kimoja kikubwa, akanivuta ndani. Mimi nikageuka nikafunga mlango. Nikazungusha na ufunguo.

Kigelegele cha pili hakikutoka. Alinitazama.

"Ulifunga mlango juu ya nini?"

"Tukae kwanza, yaya."

"Hapana. Watu wa sukari njo wanasemaka ivyo. Weye hukuleta sukari. Donc, basi, iko mzima. Sasa mlango unafunga juu ya nini?"

Kanuni ya kazi ilinikataza kumsikilizisha. Nilimsikilizisha maneno mawili ya mwanzo, nikasimamisha. Akaweka mkono mdomoni.

"Njo yeye," alisema, yaani ndiye huyo. "Njo yeye kabisa. Amekuwa mwanaume." Kisha, "Mbele anasema nini?"

Sikumpa simu. Nilimwambia kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili, bila kulainisha na bila kuongeza. Nilimwambia kijiji. Nilipokitaja alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. Kisha akatazama chini, kwenye sakafu, na chini ya sakafu ile ndipo wanapoishi wale vijana wa simu, ambao vikombe vyao alikuwa amevisugua wiki ile.

"Una hakika?" aliuliza.

"Kidole, yaya."

Hakulia. Ningependa angelia, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimeshatumwa mara nyingi kwa waliao. Aliuliza kama alionekana amekonda. Nikasema sikuweza kuona, alivaa makoti. Akauliza amevaa nini miguuni. Nikasema buti. "Zinamtosha?" Nikasema nadhani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumshuku: anafikiria kukimbia? Anafikiria nani wa kumnyamazisha, kama si mimi? Nilisema, "Kesho itatoka. Watasikia sauti. Na yule wa chini anaijua."

"Ninajua anaijua," alisema. "Njo yeye aliniokolea."

Akainuka akaenda jikoni. Nilisikia kabati likifunguliwa. Aliporudi alikuwa ameshika pakiti ya sukari, ile kubwa, haijafunguliwa. Nadhani aliinunua zamani, siku moja akiwa amekata tamaa, akaiweka kwa ajili ya kilio chake mwenyewe, wageni wasihangaike. Akaniwekea mikononi.

"Bapelekee."

"Yaya, kilio chao kimeshakwisha."

"Ile ilikuwa sukari ya jirani. Hii ni ya mama wa ule mtu."

"Nikifika niseme imetoka kwa nani?"

Alifikiri. "Leo usiseme. Kesho batajua beye benyewe. Batakumbuka ilifika mbele ya habari."

Sikujua, na mpaka leo sijui, kama ile ilikuwa toba au kinga, kama alikuwa anawaomba radhi au anatafuta pa kusimama kesho watakapopanda ngazi kumgongea. Nilimtazama usoni nipate kulisoma hilo, kama ninavyotazama picha nikitafuta vivuli vinavyoelekea pasipo. Nikaona mwanamke mwenye macho mekundu anayenifungulia mlango. Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia ashuke nayo mwenyewe. Badala yake nilishuka ngazi, naye alibaki juu akishikilia chuma cha ngazi, akisikiliza.

Yule mwanamke wa nyuma ya geti aliona nilivyopanda na sasa anaona ninavyoshuka. "Ee Yesu," alisema, akafungua komeo.

Nikagonga. Nilijaribu kuishikilia pakiti chini, ubavuni, lakini ni kubwa, haifichiki. Kijana wa simu alifungua akiwa na mtoto mkononi. Alikuwa bado na utepe mweusi kwenye shati. Akanitazama, akatazama sukari, akanitazama tena, na nikaona anavyoanza kuwapitia waliobaki, mmoja mmoja, dada zake, wajomba, mdogo wake aliyekimbilia mpakani.

"Nani tena, mama?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikarudia, hakuna, ni sukari tu. Hakuniamini. Alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni kunitolea simu yake, na nyuma yake, ndani, mke wake alikuwa ameshaanza kulia.